Msuka wa Kisu na Amri ya Kuvuta: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Kazi za Uvuvi

Katika lugha ya wahunzi na wakulima, msuka ni ule mchongoko wa chuma unaoingia ndani ya mpini na kulishikilia jembe au kisu. Msuka pia ni jina la kijiji cha wavuvi na wakulima katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, upande wa rasi ya Kigomasha. Makala haya hayadai kwamba kijiji kilipata jina lake kutokana na kisu, kwani asili ya majina ya mahali haitafutwi kwa kufananisha sauti tu. Hata hivyo sadfa hiyo yafaa kutukumbusha jambo moja. Sehemu ya kisu isiyoonekana ndiyo inayobeba kazi yote. Mpini uwe mzuri namna gani, msuka ukiwa mfupi kisu kitachomoka siku ya kazi nzito. Lugha ya maelekezo nayo ina sehemu kama hiyo, nayo ni kitenzi.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki lugha ya rasimu moja ya mwongozo wa mafunzo kwa wavuvi wa vyombo vidogo, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ambayo ilipita mezani kwa mwandishi ili istilahi zake zikaguliwe. Mwongozo wenyewe unahusu visu vya kazi, zana za uvuvi, na namna ya kuvuta nyavu, mishipi na vyombo bila kuumia. Hapana haja ya kuitaja taasisi iliyoitayarisha, kwa sababu makosa yaliyomo ni ya wengi. Kazi za namna hii zinaongezeka. Miongozo ya hiari kuhusu uvuvi mdogo, ambayo Kamati ya Uvuvi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliipitisha mwaka 2014, inazitaka nchi zishughulikie usalama baharini na afya ya wafanyakazi wa uvuvi. Maneno hayo yatafika Pemba kwa Kiswahili au hayatafika kabisa.

Haki itendeke kwanza. Rasimu hiyo ina faharasa nzuri ya nomino. Mfasiri hakubuni jina la mtego wakati dema lipo, wala hakusema "uzito wa mshipi" wakati chubwi lipo. Jarife, juya, kimia, ndoana na chambo vyote vimepewa majina yake. Anayesoma faharasa peke yake ataridhika. Kasoro inaanza pale nomino hizo zinapoingizwa katika sentensi na mvuvi anapoambiwa afanye kitu nazo.

1. Kisu

Sentensi ya kwanza kuhusu kisu inasema: "Hakikisha kisu kimehifadhiwa mahali salama wakati wote." Kwa sarufi haina kosa. Lakini kuhifadhi ni kuweka kitu kisiharibike au kisipotee. Nyaraka huhifadhiwa, nafaka huhifadhiwa. Mvuvi anayeitii sentensi hii atakifunga kisu chake katika kikapu na kukisukuma chini ya tezi. Sasa tufikiri yuko kwenye mlango wa bahari wa Pemba, ambako maji ni ya kina kikubwa na samaki kama nguru, jodari na sulisuli hupatikana. Samaki mkubwa ameshika ndoana, mshipi unakimbia kwenda majini, na duara moja la mshipi limenasa kifundo cha mguu. Wakati huo kisu kilichohifadhiwa hakina faida. Matini asilia ilikusudia kusema kwamba kisu kisiachwe wazi kikaumiza watu, lakini kiwe karibu na mkono. Kiswahili kinaweza kulisema jambo hilo kwa ufupi: "Kisu kikae ndani ya ala, mahali unapoweza kukifikia na kukichomoa kwa mkono mmoja." Hapa vitenzi vitatu, kukaa, kufikia na kuchomoa, vinafanya kazi ambayo "kuhifadhi salama" haikuiweza.

Pili, rasimu inazungumzia "sehemu ya chuma iliyofichwa ndani ya kishikio." Maneno saba yametumika mahali pa neno moja, msuka; na mpini umepewa jina la kishikio kana kwamba haujawahi kuwa na jina. Kisu cha Kiswahili kina sehemu zinazojulikana: bapa, makali, ncha, msuka, mpini, na noleo, yaani pete ya chuma inayoubana mpini pale bapa linapoingia. Umuhimu wake si wa urembo wa lugha. Kisu cha kukatia chambo au kuparia samaki chaweza kuwa na msuka mfupi. Kisu cha kukatia kamba nene au kubandulia chaza chataka msuka unaofika mwisho wa mpini, uliokazwa kwa ribiti. Tena maji ya chumvi hupenya kati ya mti na chuma, na msuka huliwa na kutu ndani ya mpini huku bapa likiendelea kung'aa. Mwalimu asiye na neno la msuka hana njia nyepesi ya kuonya kuhusu hatari hiyo.

Tatu, kuna "chuma cha pua." Katika Kiswahili cha miaka mingi pua ni chuma kilichokomazwa, na feleji ni chuma bora cha aina hiyo. Siku hizi matangazo ya biashara yanatumia "chuma cha pua" kwa maana ya chuma kisichoshika kutu upesi, kile cha vijiko na masufuria. Rasimu inatumia jina hilo hilo kwa vyuma vyote viwili. Matokeo yake msomaji anaambiwa katika ukurasa mmoja akipake mafuta kisu cha chuma cha pua, na katika ukurasa unaofuata kwamba chuma cha pua hakihitaji kupakwa mafuta. Kisu kinachofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari hushika makali vizuri na hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu. Kisu cha kiwandani kisichoshika kutu kina tabia nyingine. Tuseme "pua" kwa cha kwanza na "pua isiyoshika kutu" kwa cha pili, na mgongano utakwisha.

Nne, mvuvi anaagizwa "asage" kisu chake. Kinachosagwa huwa unga. Kisu hunolewa kwa kinoo, hupigwa tupa, au hutiwa makali kwa jiwe la mashine. Na hapa palikuwa na onyo la maana ambalo limepotea katika tafsiri: kisu kinachonolewa kwa mashine iendayo kasi hupata joto, na makali yakigeuka rangi ya buluu ugumu wa pua pale umekwisha kuondoka. Hivyo hapana budi kukichovya majini kila mara wakati wa kunoa. Rasimu inasema tu "epuka joto kupita kiasi," na msomaji aweza kudhani anakatazwa kukianika kisu juani.

Wahenga walisema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Kila mwanafunzi wa shule anaijua methali hii, lakini wangapi wanajua kwamba kusana ni kufua chuma, na kwamba kuvukuta ni kuivuta na kuisukuma mivukuto ili moto uwake? Methali imetuhifadhia vitenzi viwili vya ufundi ambavyo orodha zetu za istilahi hazikuvihifadhi. Orodha nyingi zina nyundo, fuawe, koleo na mivukuto, lakini hazisemi mhunzi anafanya nini navyo.

2. Kamba

Katika sura ya zana, rasimu inaeleza "nguvu ya kuvunja ya kamba." Katika Kiswahili mti huvunjika, nguo huchanika, chungu hupasuka, na kamba hukatika. Mgawanyo huu una sababu: kila kitenzi kinaonyesha namna kitu kinavyoharibika na ishara zinazotangulia. Kamba inayotaka kukatika huanza kwa kuchakaa, nyuzi zake husimama kama manyoya, sehemu iliyosuguana na ubavu wa chombo hupungua unene. Mtu aliyezoea kuangalia "kukatika" anajua pa kutazama. Istilahi inayofaa ni "uzito wa kukatikia," yaani uzito ambao ukifikiwa kamba hukatika.

Dhana inayofuata ni ile ya mzigo mkubwa kabisa ambao kamba au kapi inaruhusiwa kubeba katika kazi ya kila siku. Mzigo huo ni mdogo sana kuliko uzito wa kukatikia, kwa sababu kamba huchakaa, huvutwa kwa ghafula, na tena kila fundo huipunguzia nguvu, pengine hata kukaribia nusu. Rasimu imeuita "mzigo salama wa kufanya kazi." Lakini mzigo haufanyi kazi; mzigo hufanyiwa kazi. "Ukomo wa mzigo" latosha, na fundi yeyote ataelewa kwamba hapo ndipo mwisho.

Kosa kubwa zaidi katika sura hii ni la ukimya. Kamba za usumba zilizosokotwa kwa makumbi ya nazi hazina nguvu kama kamba za nailoni. Lakini nailoni ina tabia ya kunyumbuka sana inapovutwa, na inapokatika hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja mfupa au kuua. Rasimu inaeleza jambo hili kwa sentensi ndefu kuhusu "eneo la hatari litokanalo na kurudi nyuma kwa kamba baada ya kuvunjika." Wakati huo huo Kiswahili kina kitenzi kinachobeba picha yote: kufyatuka. Mtego hufyatuka, upinde hufyatuka, na kamba iliyokazwa ikikatika hufyatuka. Kutokana nacho twaweza kuunda "mfyatuko," na onyo likawa hivi: "Usisimame katika njia ya mfyatuko wa kamba." Mvuvi hahitaji kuelezwa zaidi. Neno lenyewe linamfanya asogee pembeni.

Vivyo hivyo kuhusu mshipi. Rasimu inasema: "Usifunge mshipi kwenye mkono wako wakati wa kuvuta samaki mkubwa." Kufunga ni kupiga fundo, na hakuna mvuvi mwenye akili atakayejipiga fundo mkononi. Hatari halisi ni ile ya kuuzungusha mshipi kiganjani mara moja au mbili ili usiteleze. Anayefanya hivyo atasoma sentensi hii na kujibu kwa haki kabisa kwamba yeye hakufunga. Onyo liwe: "Usijizungushie mshipi mkononi wala kidoleni." Tofauti ya kufunga na kuzungusha haitaonekana katika faharasa yoyote ya nomino, lakini yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuwa na vidole vitano au vinne.

3. Amri za kuvuta

Sura ya mwisho inahusu kuvuta kwa pamoja: kuvuta nyavu, kutweka tanga, kukishua chombo na kukipandisha ufukweni. Katika maji ya Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua yakaribia mita 4, na chombo kisichopandishwa kwa wakati wake ama hupwelewa ama huchukuliwa na maji yanapojaa. Kazi ya kukipandisha ni ya watu wengi, chombo hubingirishwa juu ya magogo, na kila mmoja anategemea kwamba mwenziwe atafanya lile lile kwa wakati ule ule. Ndiyo maana kazi hii ina miito yake. Harambee, kabla ya kuwa wito wa siasa nchini Kenya kuanzia uhuru wa mwaka 1963, ilikuwa sauti ya watu wanaovuta au kusukuma kitu kizito kwa pamoja.

Mfasiri wa rasimu alikutana na amri mbili katika matini asilia. Ya kwanza inawataka wavutaji wakome kuvuta lakini wasiachilie kamba. Ya pili inawataka waiachilie kamba kabisa. Zote mbili amezifasiri kwa neno moja: "Acha!"

Hapa hatuzungumzii tena ufasaha. "Acha" katika Kiswahili ni kukoma kutenda, na "acha" ni kukitoa kitu mkononi. Katika mazungumzo muktadha hututoa katika shaka. Ufukweni, watu kumi wakiwa wameikaza kamba na chombo kikiwa nusu ya mteremko, muktadha hausaidii. Msimamizi akipaza sauti "Acha!" kwa sababu gogo limepotoka au mtoto amepita mbele, nusu ya watu watasimama huku wameshika, na nusu watafungua mikono. Uzito wote utawaangukia wale waliobaki, kamba itawachuna viganja, na chombo kitarudi nyuma juu ya walioko tezi wakikisukuma.

Lugha ina njia ya kutoka. Kwa kukoma bila kuachilia, "Shikilia!" linatosha. Kwa kupunguza mkazo kidogo kidogo, "Legeza!" Kwa kuitoa kamba mikononi, "Achia!" Kiambishi kimoja kinatofautisha acha na achia, na kwa hiyo ni busara "acha" liondolewe kabisa katika orodha ya amri, kwani katika upepo silabi ya mwisho haisikiki vizuri. Amri nzuri ni ile isiyofanana na nyingine hata ikisikika nusu.

4. Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba mwongozo wa serikali wataka lugha yenye hadhi, na kwamba "Mvuvi anashauriwa kuhakikisha kuwa" ni adabu zaidi kuliko "Usijizungushie." Adabu ni jambo jema, lakini katika maelekezo ya kazi yenye hatari, adabu ya kwanza ni kueleweka. Pwani haikosi adabu kwa kutumia amri. Mzee mwenye chombo huwaamrisha vijana wake kwa neno moja, na heshima yao kwake haipungui. Baada ya meli ya MV Spice Islander I kuzama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, hapana mtumishi wa umma anayeweza kusema kwamba usalama baharini ni jambo la kuandikiwa kwa mzunguko.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Yasemwa kwamba maneno ya wavuvi na wahunzi ni ya lahaja, na kwamba neno la Pemba huenda lisieleweke Kilwa au Mwanza. Ni kweli kwamba si kila neno la kijijini linafaa kusanifishwa. Vyombo na zana hutofautiana kutoka Lamu hadi Mafia, na jina moja huenda likawa na maana mbili. Lakini utaratibu tunaoufundisha wenyewe unasema kwamba istilahi hutafutwa kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo unakaririwa katika kila semina. Katika kazi, lahaja huwa za kwanza kwa kutajwa na za mwisho kwa kuulizwa. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930 na Kiunguja kikawa msingi wa usanifishaji, lahaja nyingine zimechukuliwa kama hazina ya washairi. Kipemba kilichunguzwa na Whiteley katika kitabu chake cha mwaka 1958, na kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 ina maneno mengi ya ubaharia. Lakini watumiaji wengi wa vitabu hivyo ni wataalamu wa isimu, si wafasiri wa miongozo.

Tena, wafanya kazi hawatusubiri. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, kinamama walihitaji jina la kile kikamba kidogo cha kufungia mche wa mwani kwenye kamba kubwa. Wakakiita taitai, wakalitohoa neno la kigeni kwa masikio yao wenyewe, na kazi ikaendelea. Baraza halikuulizwa, na hapana aliyekosa kuelewa.

5. Mapendekezo

Maneno yafuatayo yanapendekezwa yajadiliwe na wasomaji, hasa walimu na maofisa wa uvuvi walioko pwani:

msuka: sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini.
msuka kamili: msuka unaofika mwisho wa mpini.
noleo: pete inayoubana mpini pale bapa linapoingia.
pua, pua isiyoshika kutu: vyuma viwili vya kisu, visichanganywe.
uzito wa kukatikia: uzito unaoikata kamba mpya.
ukomo wa mzigo: uzito wa juu unaoruhusiwa katika kazi.
mfyatuko: kurudi kwa kasi kwa kamba iliyokatika.
kujizungushia (mshipi): kuuzungusha mshipi mkononi au mguuni.
shikilia, legeza, achia: amri tatu za kuvuta. Neno "acha" lisitumike.

Pamoja na orodha hii lapendekezwa jambo la utaratibu. Kila faharasa ya kazi za mikono iwe na safu ya vitenzi kando ya safu ya nomino, na mbele ya kila zana iandikwe inafanywa nini: dema hutegwa, jarife hutandwa, kimia hurushwa, kisu hunolewa, kamba hukaguliwa. Na kabla mwongozo haujapigwa chapa, usomwe kwa sauti mbele ya wale watakaoutumia, Msuka au popote pale, na kila sentensi ya onyo iulizwe swali moja tu: ukisikia hivi, utafanya nini? Watu wawili wakitoa majibu mawili, sentensi hiyo bado haijafasiriwa. Irudishwe mezani.